Bobini Hakufunga Choo

Ulimwona. Usiniambie hukumwona.

Ulikuja kuchukua suruali yako kwa fundi cherehani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Pale mlangoni palikuwa na karai la mchanga, na juu ya mchanga alikuwa paka wa kijivu. Alikuwa amekunja mgongo. Akakamua, akatetemeka, akakamua tena. Hakikutoka kitu ila kamasi kidogo yenye damu. Ukaziba pua. Ukaruka karai. Ukauliza, "Suruali yangu tayari?"

Hukuwa peke yako. Siku ile waliingia watu kumi na mmoja, na wote walikuwa na macho. Mmoja alicheka, akasema, "Huyu naye kafunga choo kama mzee." Wengine hawakusema hata hilo. Mnyama haongei, basi sisi tunajifanya haumwi. Akifa tunasema, "Ni paka tu, atapatikana mwingine." Maneno hayo nimeyasikia miaka mingi. Niliyasikia alipokufa mbwa wa mchomelea mageti. Tumbo lake lilipasuliwa kwa kubahatisha, mahali pasipo na ugonjwa, na aliyepasua akanawa mikono akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sijasahau.

Basi leo kaa, usome. Maneno ni mepesi. Huna kisingizio.

Duka lile lilikuwa la chumba kimoja. Mke alishona, mume alikata. Watu walimwita mke Fundi, na mume Mkataji. Meza ya kukatia ilikuwa katikati, na chini yake kulikuwa na gunia la vipande vya nguo. Ndani ya gunia ndimo alimolala paka wao, Bobini. Alipewa jina hilo kwa sababu alipokuwa mdogo alizunguka bila kuchoka, kama bobini, kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani.

Watoto wa nyumba ile walikuwa wakubwa, kila mmoja na kwake. Kwa hiyo Fundi alizungumza na paka.

"Huyu ndiye msiri wangu," alisema. "Nikimwambia neno, haendi nalo popote."

"Na mimi je?" Mkataji aliuliza.

"Wewe hata nisipokuambia unaenda nalo."

Katika duka lile alikuwapo pia dada yake Mkataji. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi na kushona vifungo. Fundi alimwita wifi, naye alimwita Fundi wifi, na utani wao ulianza asubuhi kabla ya chai. Sisi tumwite Wifi.

Nyuzi zilikuwa kila mahali. Zilikuwa sakafuni, kwenye pindo la gauni la Wifi, hata ndani ya kikombe. Sakafu ilifagiliwa mara moja tu, jioni. Bobini alizikimbiza, akazirukia, akazitafuna. Wateja walicheka. Walimtupia vipande vya uzi makusudi wamwone anavyoruka. Wewe pia ulimtupia. Nilikuona.

Kisha siku moja Bobini hakula. Akatapika maji ya njano. Siku ya pili akaanza kukamua juu ya mchanga.

"Amefunga choo," alisema Wifi. "Mpe mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia. Tumbo ni tumbo, wifi. La kwako, la kwangu, la paka."

Bobini akapewa mafuta. Akayatapika kwenye kitambaa cha mteja. Mkataji akapiga kelele kwa sababu ya kitambaa. Kwa sababu ya paka hakupiga kelele.

Siku ya tatu, asubuhi, Fundi alimwinua Bobini kutoka kwenye gunia. Chini ya mkia, kwenye sehemu ya haja, aliona uzi mweupe umening'inia. Ulikuwa na urefu wa nusu kidole.

Sasa elewa jambo moja. Mafundi cherehani wana ugonjwa mmoja wa mkono. Hawawezi kuona uzi umening'inia wakauacha. Watauvuta kwenye kola ya mteja. Watauvuta kwenye shati la mtu wasiyemjua, wakiwa kwenye foleni, kabla ya kumsalimu. Mkono wa Fundi haukumwomba ruhusa. Ulishika. Ulivuta.

Uzi ukatoka kidogo. Kisha ukakaza. Bobini akalia kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. Uzi ukakatika.

Fundi akasimama na kipande mkononi. Akatazama mlangoni. Mkataji alikuwa akifungua dirisha, amempa mgongo. Wifi alikuwa akiwasha pasi. Hakuna aliyeona.

Akakitia kile kipande kwenye mfuko wa aproni. Akanyamaza.

Kufika saa saba mchana Bobini hakuweza kusimama. Tumbo lilikuwa limekaza. Fundi alipolishika alihisi kitu kirefu, kigumu, kama kidole gumba. Alishona mfuko wa koti, akaushona juu chini, akaufumua, akaushona tena juu chini.

"Mke wangu, una nini leo?"

"Paka anakufa," Fundi alisema.

Mkataji akainama, akashika tumbo. Naye akahisi kile kitu kigumu. Uso wake ukabadilika.

"Apasuliwe," alisema. "Leo hii. Kuna kitu, kitolewe."

"Kitu gani?" Wifi aliuliza.

"Nitajuaje? Wakishapasua wataona."

Wifi akaweka pasi chini. "Kaka, kitambaa cha mteja unakipima mara tatu ndipo ushike mkasi. Huyu mwenye roho unataka akatwe bila kupimwa? Hebu nitoleeni balaa hapa. Twendeni kwa daktari, aseme yeye."

Walimbeba Bobini ndani ya boksi la nyuzi. Walitembea kwa miguu. Fundi alitembea mbele, boksi kifuani, hakumjibu mtu salamu. Njiani muuza viatu alichungulia, akacheka: "Mnampeleka paka hospitali? Na kuku wenu ana bima?"

"Kuku wetu mzima," Wifi alimjibu. "Tukirudi tutakupeleka wewe, upimwe mdomo."

Zahanati ya wanyama ilikuwa na vyumba viwili na benchi moja. Daktari alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi na macho yaliyochoka. Tangu asubuhi alikuwa peke yake. Alimweka Bobini kwenye meza ya bati, akampima joto, akatazama fizi. Kisha akaminya tumbo polepole. Vidole vyake vikasimama.

"Kuna kitu hapa," alisema. "Ameanza lini?"

"Juzi," alisema Mkataji. "Amefunga choo."

"Nani kakuambia amefunga choo?"

"Si anakamua?"

"Kukamua si kufunga choo, baba," alisema Daktari. "Sehemu ya mwisho ya utumbo inaitwa utumbo mpana. Ukivimba, mnyama anakamua. Ukizibwa, anakamua. Ukiota uvimbe, anakamua. Kwa nje unaona jambo lilelile. Kwa ndani ni magonjwa tofauti, na dawa ya hili ni sumu ya lile. Mmempa nini?"

Mkataji akamtazama dada yake.

"Mafuta," alisema Wifi. "Kijiko kimoja."

Daktari akamtazama.

"Viwili," alisema Wifi.

Daktari akaendelea kumtazama.

"Haya, vitatu. Lakini cha tatu alinitemea usoni."

"Mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu anapokataa kumeza. Msirudie. Amemeza kitu chochote? Mfupa, plastiki, kamba?"

"Hapana," alisema Mkataji. "Alikuwa akila vizuri, akilala vizuri. Hamezi takataka."

Fundi alikuwa amekunja aproni yake ndani ya ngumi.

Daktari akapumua. Katika chumba cha pili kulikuwa na mbwa mwenye mimba akisubiri kupimwa. Benchini kulikuwa na watu wanne.

"Kama hakumeza kitu, nitaanza na bomba," alisema. "Nitamwingizia maji ya vuguvugu kwa nyuma. Kama ni kinyesi kigumu, kitalainika."

Akachukua chupa. Akajaza maji. Akaunganisha mpira mwembamba, akaupaka jeli ili uteleze. Bobini alilala ubavu, macho nusu wazi. Daktari akainua mkia.

Hapo ndipo palipokuwa na uhai wa Bobini, kwenye mdomo wa Fundi. Kama angefunga mdomo kwa aibu, hadithi ingeishia hapa. Wangapi wamefunga midomo? Tunaua kwa mkono, kisha tunamalizia kwa ukimya.

"Usimwekee maji," alisema Fundi.

Daktari akasimama. "Kwa nini, mama?"

"Ana uzi."

"Uzi gani?"

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande, akakiweka juu ya meza ya bati. Kilikuwa kidogo, na ncha moja ilikuwa ya kahawia.

"Ulikuwa umening'inia asubuhi. Nikauvuta. Ukakatika. Akalia." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma barua ya msiba. "Uliobaki uko ndani."

Mkataji akamgeukia. "Ulivuta?"

"Nilivuta."

"Ukanyamaza tangu asubuhi?"

"Nilinyamaza."

Wifi akakitazama kile kipande. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakuwa na utani.

Daktari akaondoa chupa ya maji, akaiweka mbali kabisa. Alifungua mdomo wa Bobini, akatazama chini ya ulimi, kwa sababu uzi hupenda kunasa hapo. Hapakuwa na kitu.

"Asante, mama," alisema. "Na mimi nimekosa. Nilikuwa na haraka. Paka wa nyumba ya cherehani, nilipaswa kuulizia uzi kabla ya kitu kingine. Sikilizeni. Uzi ukinasa sehemu moja ya utumbo, na huku ukavutwa upande wa pili, utumbo hujikunja juu ya uzi."

"Kama marinda," Fundi alisema polepole. "Ukivuta uzi wa marinda, kitambaa kinajikusanya."

"Ndiyo hivyo. Na ukizidi kuvuta?"

"Uzi unakata kitambaa."

"Utumbo pia unakatwa. Ndiyo maana mtu haruhusiwi kuuvuta. Hata mimi siuvuti." Alimbeba Bobini. "Njooni. Lazima tutazame ndani kabla ya kufanya lolote."

Chumba cha pili kilikuwa na giza kidogo, ili picha ionekane vizuri. Mwenye mbwa mjamzito alipisha bila kuulizwa. Mungu amjalie, ndiye mtu pekee siku ile aliyepisha. Mashine ilikuwa na skrini ndogo na kifaa kama kiwembe cha umeme, chenye waya. Daktari alinyoa manyoya ya tumbo. Akapaka jeli ya baridi.

"Hii ni altrasaundi," alisema. "Haichomi, haikati. Inapeleka sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga viungo na kurudi, na mashine inaichora."

"Kumbe inasikiliza tumbo," alisema Wifi kwa sauti ndogo.

"Inasikiliza na kuchora. Ila gesi inaisumbua. Kwenye gesi sauti hairudi vizuri, picha inakuwa kama moshi. Mama, mshike miguu ya mbele. Ongea naye, anaijua sauti yako."

Fundi akashika. Akavuma tu, mmm, mmm, kama cherehani inayokwenda polepole. Bobini akatulia.

Skrini ilijaa kijivu. Mwanzoni waliona moshi. Daktari alimgeuza Bobini ubavu wa pili, akasubiri, akatafuta tena.

"Hapa ni mzima," alisema. "Oneni ukuta wa utumbo. Una tabaka, moja juu ya nyingine, zimepangika. Tabaka zikipotea, ninaogopa uvimbe mbaya." Akasogeza kifaa. Akasimama. Mkataji alisikia saa ya ukutani.

Kwenye skrini palikuwa na duara. Ndani ya duara palikuwa na duara lingine. Katikati yake palipita mstari mwembamba, mweupe.

"Ni nini hicho?" alisema Mkataji. "Daktari, sema."

"Hapa utumbo mwembamba unakutana na utumbo mpana. Ule mwembamba umejiingiza ndani ya mpana. Ndicho kile kitu kigumu mlichokihisi."

"Kama mkono wa shati uliovuliwa vibaya," alisema Fundi. "Umeingia ndani ya mkono wenyewe."

"Vilevile. Na ule mstari mweupe ni uzi wako."

Fundi akafumba macho.

"Na lile bomba?" Mkataji aliuliza.

"Lingesukuma maji mahali palipokazwa. Utumbo ungeweza kupasuka, uchafu ukamwagika tumboni." Daktari alipitisha kifaa tumbo zima, taratibu. "Sioni maji yaliyovuja nje ya utumbo. Bado hajatoboka, nadhani. Damu inapita, lakini kidogo. Anahitaji upasuaji sasa. Kesho itakuwa kumzika."

"Angalau umejua pa kukata," Mkataji alisema.

"Nimejua pa kuanzia, baba. Picha si malaika. Nikifungua nitakagua utumbo wote kwa macho na vidole. Lakini sasa najua ninachokifuata. Najua huenda nikakata kipande na kuunga, kwa hiyo naandaa vifaa vyake kabla, namwita na msaidizi. Bila picha ningefungua, nikashangaa, huku yeye yuko kwenye usingizi wa dawa."

"Anaweza kufa?" Fundi aliuliza.

"Anaweza."

Daktari hakupamba maneno. Fundi akatia sahihi karatasi ya ruhusa.

Wakakaa kwenye benchi. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Mlango ulikuwa wa kioo cha ukungu, na nyuma yake vivuli vilipita. Kila kivuli kiliposimama, Fundi alisimama. Kilipoondoka, alikaa.

"Ungeniambia," Mkataji alisema mwishowe.

"Ungenitukana."

"Ningekutukana. Halafu tungefika hapa saa tatu asubuhi."

Machozi yalimshuka Fundi, hakuyafuta. Wifi akamsogelea, akamshika goti. "Mafuta niliyatoa mimi," alisema. "Dhambi yetu sote. Na huyu mwanamume wako alitaka kupasua kama tikiti maji. Sote watatu ni wa kuchapwa."

Saa kumi na moja kasoro Daktari alitoka. Kofia yake ilikuwa imelowa jasho.

"Yuko hai," alisema. "Nimekata kipande cha utumbo chenye urefu wa kidole. Kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Uzi nimeutoa wote. Msishangilie bado. Siku tano hizi ndizo za hatari. Mshono wa ndani ukiachia, tutampoteza."

Wewe hujui maneno yale yalimfanya nini fundi cherehani. Maisha yake yote ameshona, na anajua jinsi mshono unavyoachia. Unaanza tundu moja, huna habari.

Siku ya kwanza Bobini alilala zahanati. Fundi alienda kumtazama asubuhi na jioni. Siku ya pili alilamba chakula laini, akaacha. Siku ya tatu alitapika mara moja, na Fundi akaenda mbio na aproni kiunoni. Daktari akapaka jeli, akatazama tena kwa mashine. Hapakuwa na maji yaliyovuja. "Mshono umeshika," alisema. "Ni kichefuchefu tu." Siku ya nne alikula, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya tano, nyumbani, Bobini alipanda mchangani, akajikunja, na watu wazima watatu wakaacha kazi wakasimama kumtazama. Akafanya haja yake. Kidogo, laini, bila damu. Wifi akapiga vigelegele. Mteja mmoja akauliza kuna harusi ya nani.

Wiki mbili baadaye nyuzi za mshono wa ngozi zilitolewa. Sasa Bobini ni mnene, na anadharau watu kama zamani.

Katika duka lile sakafu inafagiliwa kila nguo inapomalizika. Vipande vya uzi vinaingia kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, na sindano kwenye kopo lake. Mteja akimtupia paka uzi, Wifi anamrudishia nguo yake bila kushonwa, hata akiwa mchungaji au shehe.

Sasa nakuja kwako.

Una mbwa, au una paka, au jirani yako anaye. Anakamua bila kupata haja. Anatapika, hataki kula, kinyesi kina damu au kamasi, tumbo limekaza. Usimpe mafuta. Usimpige bomba. Ukiona uzi au kamba, mdomoni au nyuma, usivute, hata mkono ukuwashe. Mpeleke siku hiyohiyo. Usimlishe njiani. Mwambie daktari kila kitu, hasa kile kinachokuaibisha. Na kabla kisu hakijagusa ngozi, uliza kwa sauti: "Umetazama ndani?" Kama hana mashine, muulize iliko. Kama haiko popote karibu, kusanya wenye mifugo wenzako, nendeni kwenye ofisi ya mifugo, mkae hapo mpaka mjibiwe. Tumenyamaza vya kutosha, na walionyamaziwa wamezikwa.

Usiseme kesho. Weka karatasi hii chini. Inuka, nenda ukamshike tumbo mnyama wako. Sasa hivi.